Robo Saa ya Adhuhuri

Jumanne moja ya miezi ya baridi haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, ingawa nywele zilizokuwa nyeusi siku ile sasa ni nyeupe, na nyingine zimeniaga kabisa. Siku hiyo nilisema uongo kwa kutumia jina la swala, huku vidole vyangu vinang'aa mafuta ya muhogo wa kukaanga. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka. Ukishanisikiliza, cheka tu, nami nitacheka nawe.

Kilichonikumbusha ni simu ya mjukuu wangu Zuhura, aliyeko mwaka wa kwanza chuo kikuu. Huwa ananipigia Ijumaa baada ya chakula cha mchana, ananiamkia, ananiuliza habari za magoti yangu, kisha ananieleza mambo yake. Ijumaa iliyopita alisema, "Babu, huku ratiba imebana. Adhuhuri inanikuta darasani, Alasiri inanikuta kwenye majadiliano ya kikundi, Magharibi niko kwenye foleni ya chakula. Nazikusanya zote, nazilipa nikirudi bwenini."

Nikamuuliza, "Umewahi kumwomba mwalimu wako nafasi?"

"Naona aibu, Babu. Wataniona najifanya."

Sikumkaripia. Mtu aliyewahi kuanguka kwenye tope lile lile hana mdomo wa kumsema anayeteleza. Nilimwambia nitamsimulia jambo, na kwa kuwa najua Zuhura hayuko peke yake, nimeona bora nilisimulie kwenu wote.

Mimi ni mtoto wa Nalasi, kule Tunduru. Baba yangu alilima korosho, na nyumbani kwetu swala haikuwa jambo la kupangia muda. Muda ndio uliopangwa kwa swala. Mtu alisema "tutakutana baada ya Alasiri" kama wengine wanavyosema saa kumi na moja. Nilipochaguliwa kuja chuo cha ualimu hapa Songea kusomea sayansi, nilipanda lori la mahindi, nikafika mwili mzima umejaa vumbi jekundu. Baba alikuwa ameniambia maneno machache tu: "Saidi, kule utakuwa mgeni. Usimwache Mungu wako akawa mgeni pia."

Songea ilinipokea vizuri. Wenyeji wengi wa hapa ni Wakatoliki, watu wa mahindi na maharage, na sikuwahi kutukanwa kwa dini yangu hata siku moja. Kilichonishinda ni baridi. Sisi watu wa Tunduru tumezoea joto, halafu unafika mji ambao mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba yanauma kama siafu.

Darasani kwetu tulikuwa Waislamu watano. Siku tatu za wiki tulikuwa na shida moja, mwanangu. Siku za Jumatatu na Ijumaa tulitoka mapema, lakini Jumanne, Jumatano na Alhamisi tuliingia maabara saa sita na nusu mchana, tukatoka saa kumi. Adhuhuri ilikuwa inaingia tukiwa ndani, na tunapotoka imeshatupita. Wenzangu wakanituma nikaombe ruhusa, kwa sababu walisema nina ulimi. Aliyelisema hilo kwa nguvu zaidi ni Mwanahawa, msichana mtulivu aliyetoka Namtumbo, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa anaumia kuipoteza swala hiyo.

Mwalimu wetu wa maabara alikuwa anaitwa Mwalimu Komba. Mtu mfupi, mpole, Mkatoliki wa misa ya kila siku, koti lake moja la kijivu. Nilimwendea nikamwamkia, nikajieleza. Niliongea vizuri sana siku hiyo, nakiri. Nilimwambia swala ni nguzo, na mtu asiyeweza kumtunzia Mungu robo saa hawezi kumtunzia mwanafunzi mwaka mzima. Mwalimu Komba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ngoja nikamwone mkuu."

Kesho yake tulikuta ameshatutengenezea stoo ndogo iliyoungana na maabara. Alikuwa amesogeza makasha, amefagia mwenyewe, na pembeni ameweka ndoo ya maji na kopo. "Robo saa," alisema. "Mimi nitaangalia kazi zenu."

Wiki mbili za kwanza niliswali kama mtu aliyepewa zawadi. Wiki ya tatu baridi ikaongezeka. Nikawaambia wenzangu watangulie, mimi nitakuja. Wakatangulia, sikuja. Siku iliyofuata nikajiambia nitailipa jioni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini yangu ilianza kwa kulifurahisha tumbo, kwa sababu nyuma ya ua wa chuo palikuwa na mama mmoja tuliyemwita Mama Haule, akikaanga muhogo mweupe unaopasuka wenyewe, anaunyunyizia chumvi na pilipili ya kusaga. Kwake kulikuwa na moto. Nilikaa pale nikiota moto na kula, na robo saa ikawa dakika ishirini, zikawa thelathini.

Usifikiri niliacha swala siku moja kwa kukusudia, mwanangu. Hakuna anayeacha hivyo. Niliiacha kipande kwa kipande, kila kipande na sababu yake nzuri.

Sasa, maabara tulifanya kazi wawili wawili, na mwenzangu alikuwa Agnesi, binti wa mkulima wa Hanga. Alikuwa msichana wa mzaha mwingi na mkono wa uangalifu, na bila yeye nisingefaulu hata jaribio moja. Kila nilipotoka, Agnesi alibaki na kazi ya watu wawili. Hakulalamika. Alidhani niko kwa Mungu, na nani atamlalamikia Mungu?

Jumanne ile tulikuwa tunachemsha maji kwenye chupa ya kioo juu ya taa ya spiriti. Kazi ilitaka mmoja ashike chupa kwa koleo na mwingine apunguze moto. Muda wa kupunguza moto ulifika, mimi nikiwa kwenye muhogo. Agnesi akajaribu yote mawili kwa pamoja. Chupa ikamponyoka, na maji yanayochemka yakammwagikia mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko.

Niliporudi nilikuta darasa zima limesimama. Agnesi amekaa kwenye kiti, mkono ndani ya ndoo ya maji, machozi yanamtiririka kimya kimya. Ndoo ile ndiyo ya udhu; Mwanahawa aliiburuta kutoka stoo mbio alipomsikia akipiga kelele.

Mwalimu Komba aliniangalia. "Saidi, ulikuwa wapi?"

Nikajibu, "Nilikuwa naswali, Mwalimu."

Nilisema hivyo mbele ya wenzangu wanne waliotoka stoo dakika kumi kabla mimi sijarudi. Mwalimu akashusha macho mpaka kwenye vidole vyangu, na mimi nikayafuata macho yake, tukaviangalia pamoja vile vidole vilivyong'aa. Nilimtazama Mwanahawa. Hakunisema wala hakunitetea. Aliinama akaendelea kummiminia Agnesi maji mkononi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikuwa hata njia. Ilikuwa kizingiti tu.

Agnesi alipelekwa zahanati, akafungwa bendeji. Asubuhi iliyofuata mkuu wa chuo alitoa agizo: ruhusa ya kutoka maabara imefutwa, kwa wote. Samaki mmoja akioza huoza wote, na samaki mwenyewe nilikuwa mimi. Siku hiyo mchana nilikaa kwenye meza yangu nikamwona Mwanahawa akiangalia saa ya ukutani. Hakuwa anaangalia kama mtu anayetaka kutoka. Alikuwa anaangalia kama mtu anayesindikiza jeneza. Tulipotoka nilimfuata nikamwomba radhi.

"Mimi sijakasirika kwa sababu ya muhogo," aliniambia. "Siku ile ya kuomba ruhusa uliongea vizuri sana, Saidi. Ndiyo maana inauma." Akaenda zake.

Ningeweza kukaa kimya, mwanangu, nikangoja watu wasahau. Watu husahau. Lakini Jumamosi nilijikuta niko kwenye nyumba za walimu, nimesimama mlangoni kwa Mwalimu Komba. Alikuwa barazani, amekaa juu ya kigoda, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda kingine na rundo la mahindi yasiyopukuchuliwa. Tukapukuchua mpaka dole gumba likaniuma.

Nikamwambia kila kitu. Siku nilizoacha, Mama Haule, na uongo.

Akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "Saidi, mimi ni Mkristo. Sijui swala yenu inahesabiwaje huko juu, na si kazi yangu kujua. Ninachojua ni kwamba nilikwenda kwa mkuu nikamwambia, hawa vijana nawadhamini. Hakuniuliza mara mbili. Alisema, Komba, ukisema wewe basi. Sasa wiki hii nzima nikitaka kufika darasani nazunguka nyuma ya jengo, nisipite mbele ya ofisi yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu mzima, mwalimu wa watu, anazunguka nyuma ya jengo kwa sababu yangu.

"Ungekuja ukaniambia Mwalimu, nimechoka, swala imenishinda, ningekuelewa," akaendelea. "Hata kwetu wapo ambao misa inawashinda, tunavutana nao polepole. Lakini wewe ulichukua sala ukaifanya mfuniko wa muhogo. Siku nyingine akija kijana mwingine kuniomba, kijana mkweli kabisa, mimi nitamwangalia vidole kwanza. Hilo ndilo ulilonifanyia."

Kisha akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya uji. Alinipa kimoja. Mpaka leo naona rehema ya uji ule ilinichapa kuliko maneno yake. Nilipomaliza akasema, "Kwa mkuu utakwenda mwenyewe. Mimi sitakusindikiza."

Jumatatu nilikwenda. Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilikiri kosa, nikamwomba aniadhibu mimi na awarudishie wenzangu ruhusa. Akasema, "Ruhusa hiyo sikuivunja mimi," akaendelea kuandika. Basi. Nikatoka.

Wiki mbili zilipita hivyo. Wenzangu walinisalimia, ila kwa salamu ile ya kuitikia tu. Nilichukua zamu ya Agnesi ya kuosha vyombo vya maabara, nikamwandikia notsi zake, maana yeye alikuwa mtu wa mkono wa kushoto na mkono ndio ule umefungwa. Alinikubalia bila makuu. Siku moja, nikimwandikia, aliniuliza, "Hivi kwani lazima mtoke wote kwa mara moja?"

Sikumwelewa.

"Kwetu Hanga," akasema, "nimekulia karibu na watawa. Kengele yao ikigonga mchana, baba anaweka jembe chini anasali. Lakini kama anachunga ng'ombe hawaachi barabarani. Anampa mtu amshikie, akimaliza naye anamshikia mwenzake. Nyinyi mliondoka wote watano kama kuku waliofunguliwa banda."

Nikacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Nikampelekea Mwanahawa neno hilo. Alilifikiria usiku mmoja, kesho yake akaja na karatasi: zamu tatu, mtu asitoke mpaka mwenzake wa meza akubali na mwingine asimame mahali pake, kila zamu dakika saba. Zamu ya mwisho alikuwa ameandika jina langu peke yangu. "Wewe utasimama kwenye meza zetu sote kwanza," aliniambia. "Ndipo uende."

Tulikwenda kwa mkuu watatu: mimi, Mwanahawa na Agnesi, bendeji bado mkononi. Mkuu alisoma karatasi, akamgeukia Agnesi. "Wewe hili linakuhusu nini?"

"Mkono ulioungua ni wangu, Mwalimu," Agnesi akajibu. "Wanaozuiwa kusali kwa ajili ya mkono huu ni wenzangu. Mimi sijaomba hivyo."

Mkuu akaandika kitu chini ya karatasi, akasema, "Mwezi mmoja. Nione."

Siku ya kwanza nilisimama kwenye meza ya kila mmoja, nikapunguza moto wa huyu, nikasoma kipimo cha yule, mpaka wote wakarudi. Mwanahawa akaja kwenye meza yangu akasema, "Nenda." Niliingia stoo. Maji yalikuwa baridi vile vile, hayakuwa yamenihurumia. Nilitawadha nikitetemeka, nikaswali rakaa nne zangu, na kwenye sijda ya mwisho nilishindwa kuinuka upesi. Sikulia, usije ukafikiri. Nilikuwa tu nimefika nyumbani baada ya kupotea njia niliyoijua. Niliporudi mezani Agnesi aliangalia saa akasema, "Dakika sita. Kumbe unaweza."

Mwezi mmoja ukaisha, mkuu hakusema kitu, na zamu zikaendelea mpaka tulipohitimu. Mwalimu Komba hakunikumbusha tena jambo lile. Siku moja tu nilimwona anapita mbele ya ofisi ya mkuu, mikono mfukoni, mwendo wa mtu asiye na haraka, na mimi nikasimama nyuma ya dirisha nikimtazama mpaka alipopotelea kwenye kona. Hakujua kwamba nimemwona. Alishatangulia mbele ya haki, miaka mingi sasa, na kila nikimkumbuka namwombea kwa Mola wangu kama anavyostahili mtu aliyenifagilia mahali pa kusujudia.

Nimefundisha sayansi karibu miaka arobaini baada ya hapo, na nimewapa ruhusa ya sala vijana wengi, Waislamu na Wakristo. Sikuwahi kumwangalia yeyote vidole. Nilijilazimisha nisiwaangalie.

Sasa, mwanangu, sikiliza. Zuhura, na wewe sikiliza.

Usione aibu kuomba. Mwalimu wako si mchawi wa kujua kilichomo moyoni mwako. Nenda mwanzoni mwa muhula, wakati ratiba bado mbichi, na ujue unachokiomba: siku gani, saa ngapi, dakika ngapi. Omba kidogo, na utumie pungufu ya ulichoomba. Mtu akikupa robo saa, rudi kabla hajaanza kukutafuta, maana anayerudi mapema anamfungulia mlango anayekuja nyuma yake. Wewe hapo chuoni huombi kwa ajili yako tu. Yupo binti wa mwaka kesho, hujamjua, atakayepewa au kunyimwa kwa jinsi wewe ulivyoitumia nafasi yako.

Usimwachie mwenzako mzigo ukasema umekwenda kwa Mungu. Kama mna kazi ya kikundi, sema mapema, badilishaneni, na wakati wake ukifika nawe mshikie ng'ombe wake. Mkristo akitaka kwenda kwenye ibada yake, wewe ndiye uwe wa kwanza kusema nenda, niko hapa.

Simu yako inakuadhinia, najua, na ni jambo zuri. Lakini nimewaona vijana wanaizima kama wanavyofukuza nzi, wakisema dakika mbili tu. Usiamini dakika mbili hizo. Mimi zilinipeleka mpaka kwenye muhogo. Dakika inayokufaa ni ile ile unayosimama. Swala tano ni nyepesi ukizibeba moja moja. Ukizirundika mpaka jioni zinakuwa gunia, na gunia halibebwi kila siku bila mtu kulichukia. Usifike mahali pa kuichukia swala kwa sababu ulikuwa unaibeba vibaya.

Na ikitokea umeteleza, kwa sababu utateleza, sema kweli. Sema nimeiacha, sema nimechoka, sema nisaidieni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mungu hakuhitaji uongo wako wa kumtetea, na watu wema wanaweza kuubeba udhaifu wako, ila uongo wako ni mzito kwao. Lipa ulizozikosa kidogo kidogo, na ile inayokuja uisubiri kwa wakati wake.

Mwenyezi Mungu akupe wepesi katika masomo yako na utulivu katika rakaa zako. Akukutanishe na mwalimu mwenye moyo wa kufagia stoo, na rafiki mkweli wa kukuambia unapokosea. Akuepushe na ulimi unaoongea vizuri kuliko mwenye nao anavyotenda. Awalinde pia wenzako wa imani nyingine mnaokaa nao meza moja, wamalize salama, nanyi mmalize salama. Na kila itakapoingia Adhuhuri, popote itakapokukuta, akukunjulie mahali pa kuweka paji la uso wako. Amina, mwanangu. Amina.